Lushoto hadi Mtae kwa miguu: katikati hapa watu wanalala wapi?

#1 KiatuKigumu
Wakuu salaam. Nipo Dar. Tupo wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, wote miguu mizima. Mwishoni mwa Agosti tunataka kutembea kutoka Lushoto mjini mpaka Mtae. Si kupanda mlima wala si mashindano, ni kutembea tu kijiji hadi kijiji, tufike pale ukingoni tuiangalie nyika ya Mkomazi ikiwa chini yetu, halafu turudi na basi.

Nikitafuta malazi napata ya pande mbili tu. Lushoto mjini na pembezoni mwake, Irente na kule, unachagua mwenyewe. Mwisho kabisa, Mambo na Mtae, napo pa kulala papo. Katikati ni kimya. Kwa barabara ni kama kilomita 60 na hakuna anayesema usiku wa kwanza na wa pili mtu anaegesha ubavu wapi. Na wazungu wanapita njia hiyo kila kiangazi, hawalali juu ya miti.

Kwa hiyo maswali ni mawili: tunalala wapi, na kwa nini katikati hakuna kitu? Nchi imejaa watu vile, mashamba mpaka mlangoni, halafu gesti hakuna?

#2 TochiMbovu
Mkuu, basi lipo. Linatoka Lushoto linafika Mtae siku hiyohiyo. Nimeona nikusaidie mapema.

#3 MgosiWaSoni
Mpuuze huyo wa juu.

Malazi yapo, ila hayapo kwenye simu yako. Njia inayozoeleka iko hivi: siku ya kwanza unatoka Lushoto, unapandisha msitu wa Magamba, unatokea upande wa pili na kuteremkia Lukozi. Lukozi ni mji wa mboga, kabichi na karoti mnazokula Kariakoo nyingi zinapakiwa pale, kwa hiyo gesti zipo, za madereva na wachuuzi. Si za kifahari. Siku ya pili Lukozi hadi Rangwi, unalala kwa masista, wana nyumba ya wageni. Siku ya tatu Rangwi hadi Mambo au Mtae, vijiji hivyo ni majirani. Hapo umemaliza.

Ukipanga safari hii usianze na kilomita, anza na vitanda. Lukozi ipo, Rangwi ipo, Mambo ipo. Urefu wa siku utajipanga wenyewe kufuata hapo.

#4 KiatuKigumu
Asante sana mgosi. Hiyo ya vitanda nimeinakili. Sasa namba za simu za hizo gesti za Lukozi nazipata wapi?

#5 MgosiWaSoni
Hazipatikani. Unafika, unauliza. Ila angalia siku ya gulio. Usiku wa kuamkia gulio, na siku magari yanapopakia kwenda Dar, vyumba vinajazwa na wafanyabiashara kabla jua halijazama. Ninyi mkishuka msituni saa 12 jioni na mabegi mgongoni mtakuta hata benchi halipo. Mtume mtu siku moja kabla, au muombe dereva yeyote wa noah za Lukozi pale stendi ya Lushoto awawekee neno.

#6 PopoMchana
Kwa nini msilale Amani? Kuna nyumba za kupumzikia wageni ndani ya hifadhi, safi kabisa, za enzi za Mjerumani. Nimelala pale.

#7 Mwl_Mstaafu
@PopoMchana, Amani iko Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Lushoto ni Usambara Magharibi. Kati yake kuna bonde la Lwengera. Hawa vijana wakilala Amani, kesho yake watakuwa na safari nyingine kabisa ya kuifikia Lukozi. Kituo cha utafiti cha Wajerumani cha mwaka 1902 ndicho hicho cha Amani, hapo uko sahihi. Mlima ndio umekosea.

#8 PopoMchana
Usambara ni Usambara tu mwalimu. Watembee zaidi.

#9 BibiKaroti
Nimelala Rangwi kwa masista, nitaeleza niliyoyaona.

Pigeni simu kabla. Si kwa sababu pamejaa, ni kwa sababu ya chakula. Pale hakuna mgahawa wa kuamuru chips saa mbili usiku, wanapika wakijua wageni ni wangapi. Sisi tulifika na miguu imeisha, sista akatutazama viatu kwanza, akatuonyesha bomba la nje na brashi ya kusugulia. Hapakuwa na mjadala, tope libaki nje. Baada ya hapo ndoo ya maji ya moto, kisha supu ya mboga za bustanini kwao, viazi, na mkate waliooka wenyewe. Shuka zimenyooka utadhani zimepigwa rula. Saa tatu usiku mji wote umelala, msije na spika.

Kengele inagonga alfajiri. Hulazimiki kwenda ibadani, lakini kulala tena baada ya kengele ile ni kazi.

Bei siweki hapa, maana mtu atausoma uzi huu baada ya miaka mitano aende kubishana na sista mlangoni.

#10 NjiaPanda
Narudi kwenye swali la pili la mleta uzi, ndilo lenye utamu. Katikati hakuna gesti kwa sababu mteja hayupo. Msambaa akitoka Mlalo kwenda Lukozi hana haja ya gesti, ana shangazi. Shangazi akikosekana yupo mtu aliyesoma naye. Gesti inajengwa palipo na mgeni asiye na ndugu: dereva, mchuuzi, afisa wa serikali. Ndiyo maana Lukozi ipo na kijiji cha jirani haipo. Ni hesabu tu.

#11 Mwl_Mstaafu
Hesabu hiyo haielezi Lushoto yenyewe. Mji ule uliitwa Wilhelmstal, Wajerumani waliupenda kwa baridi yake, mita kama 1,400 juu ya bahari wakati Tanga wanachemka. Reli ilipofika Mombo wakawa wanapanda huko kupumzika. Hoteli za mlimani zilianza kwa hao waliokimbia joto, na waliotaka kutazama bonde. Angalia malazi yalipo leo: Irente kuna genge, yaani ukingo wa mlima unaokatika ghafla, Mambo kuna genge, Mtae kuna genge. Mgeni analipia kuona chini. Katikati unaona nini? Kabichi. Nani atalipia kuangalia kabichi?

#12 BibiKaroti
Mwalimu, kabichi za Lukozi asubuhi yenye umande nalipia mimi.

#13 MgosiWaSoni
Mwalimu na NjiaPanda wote mmeruka barabara. Zamani watu walikuwa wanatembea, na waliotembea walilala njiani. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alikuja kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, kule Vuga mwaka 1848, akaja tena 1852, kwa miguu, na hakulala gesti. Alikuwa mgeni wa mfalme, akipita anapokelewa na wakubwa wa vijiji. Desturi ya kulaza mpita njia ilikuwepo. Magari yalipoanza kupanda mlima, mpita njia akaisha. Mtu anatoka Mtae alfajiri, mchana yuko Lushoto, anashughulika, anarudi. Kitanda cha katikati kimeuliwa na basi, si na shangazi wala na kabichi.

#14 NjiaPanda
Mgosi, umesema mwenyewe walilala kwa wakubwa wa vijiji. Kwa hiyo hata kabla ya basi gesti haikuwepo! Nimeshinda.

#15 MgosiWaSoni
Hujashinda. Kitanda kilikuwepo, bei ndiyo haikuwepo.

#16 HajiMpole
Mimi nina mtazamo tofauti na nyote, samahanini. Malazi yapo ila yanafichwa. Wanaojua nani analaza wageni ni waongoza watalii wa Lushoto, na hawana haraka ya kuandika. Ukijua kila kitu utamlipa nani?

#17 MwongozajiMilimani
Nimeitwa, nimekuja. Nafanya kazi hiyo.

Kwanza, Magamba ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Huingii kama unaingia sokoni. Kuna kiingilio, unapewa kontroo namba, unalipa, unapata risiti. Mtanzania analipa kidogo, mgeni wa nje analipa zaidi. Hilo halikufichwa, ofisi yao ipo, mnakaribishwa.

Pili, mnadhani njia ni moja. Ukishatoka msituni kuna vijia vya shamba visivyohesabika, na mwenye shamba akilima anakihamisha kijia. Ramani ya simu inakuonyesha kijia cha mwaka juzi. Nimewahi kuwakuta watu wamesimama katikati ya maharage ya mtu, simu mkononi, wanazunguka pale kama kuku aliyefungwa kamba.

Tatu, kuna mama analaza wageni wangu, naye ananiamini mimi. Nikimwandika humu kesho atagongewa saa nne usiku na asiowajua. Nani atakuwa amemsaidia?

#18 HajiMpole
Hoja ya tatu nzito. Ya kwanza na ya pili ni biashara.

#19 MwongozajiMilimani
Biashara si tusi.

#20 KiatuKigumu
Mkuu Mwongozaji, bila kuzungukana: watu wanne wanaojua Kiswahili, hatuwezi kwenda wenyewe tukiwa tunauliza njia?

#21 MwongozajiMilimani
Mnaweza. Msituni chukueni mtu, barabarani ulizeni. Na mkiuliza msiseme "Mtae ni huku?" Mtajibiwa ndiyo hata kama ni kule, kwa adabu tu. Ulizeni "njia ya Mtae ni ipi?" muone mkono unaelekea wapi.

#22 DadaWaMlalo
Hapo kwenye kuuliza nakazia. Na msiulize umbali. Kwetu mtu atakwambia "hapo tu", na hapo tu ni nyuma ya kilima, na nyuma ya kilima kuna kilima.

#23 MtaitaHalisi
Habari za jioni majirani, nawasoma nikiwa Wundanyi. Nilipoitafuta Lukozi kwenye ramani nikaona iko karibu na Malindi, nikashtuka, nikasema hawa Wabongo wanatembea mpaka baharini Kenya?

#24 MgosiWaSoni
Malindi yetu ni ya viazi, jirani. Ya kwenu ni ya Waitaliano.

#25 MtaitaHalisi
Sawa, nimekubali. Sasa suala la malazi. Mimi nimetembea na mahujaji kwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi, tarehe 3 Juni. Kutoka Busia mpakani ni karibu kilomita 200. Hakuna aliyelipia kitanda. Mnalala parokiani, kwenye madarasa ya shule, ukumbini, kila mtu na mkeka wake. Lakini siri ni barua. Kiongozi wa msafara ameandika mapema, kila parokia inajua kundi linafika siku gani na lina watu wangapi, kina mama wameshatenga maharage.

Kwa hiyo nawauliza: mmeandikia mtu barua? Huko Usambara si mna makanisa kila kona?

#26 DadaWaMlalo
Makanisa yapo. Walutheri walikuja Mlalo tangu 1891, sharika za KKKT ziko vijiji vingi, baadhi zina vyumba vya wageni vya wachungaji na wanakwaya. Ila kuhiji na kutalii si kitu kimoja. Hujaji akigonga mlango ana sababu inayoeleweka. Ninyi mkigonga mtaulizwa mnaenda kwa nani. Mkijibu "hatuendi kwa mtu, tunatembea tu", mama mchungaji atawapa chai huku akiwatazama vizuri.

#27 UstadhiPembeni
Na misikiti pia ipo dada, tena zaidi ya makanisa. Msafiri ana haki yake. Ukifika kwa adabu, ukasali, ukaongea na imamu, hukosi chumba cha madrasa au mtu wa kukuchukua nyumbani. Ila kundi la wanaume na wanawake pamoja hapo inakuwa habari nyingine, mtagawanywa nyumba mbili. Na si vibaya.

#28 MtendajiMstaafu
Naongeza kitu ambacho hakijatajwa. Nimekuwa mtendaji wa kijiji huko huko milimani.

Ukilala nyumba ya mtu kijijini, mwenyeji wako anatakiwa amjulishe mwenyekiti wa kitongoji. Msikwepe. Nendeni wenyewe na vitambulisho, dakika kumi tu, mnaandikwa jina, mnatoka wapi, mnaenda wapi. Kundi la watu wasiojulikana likipita kijijini na kulala kimya kimya, asubuhi simu zinaanza kupigwa, na kazi ya kuwatafuta inakuja kwangu. Mkishaandikwa mmekuwa wageni wa kijiji. Hata mkipotea, kuna anayejua mlitoka hapa saa ngapi na mlielekea wapi.

Halafu suala la kumpa mwenyeji chochote. Msiulize "kiasi gani?" Mtu wa heshima atasema hakuna, na ninyi mtaondoka mikono mitupu. Nunueni dukani sukari, sabuni, majani ya chai, muingie navyo.

#29 DadaWaMlalo
Mzee shikamoo, kwa heshima nakukatalia kidogo. Sukari huletwa na mgeni ambaye ni ndugu. Watu wanne wamekula, wameoga maji ya moto, kuni zimeungua, mama kaacha shamba siku nzima. Mpeni pesa, tena mpeni yeye aliyepika, mkononi, asubuhi mkiaga, si baba mwenye nyumba aliyekuwa anawapigia stori. Msambaa wa leo analipa ada za shule kwa pesa, sukari haipokelewi kule.

#30 MtendajiMstaafu
Marahaba mwanangu. Vyote viwili basi. Lakini sukari itangulie, pesa ifuate.

#31 MjukuuWaViazi
Nimesoma mashangazi, mabasi na magenge yenu nimecheka. Ngoja niwape kisa halisi.

Mjomba wangu ana eneo kijiji kimoja kati ya Lukozi na Rangwi, sitaji jina maana atanitafuta. Aliona wazungu wanapita na mabegi kila kiangazi, akasema pesa inapita mlangoni. Akajenga vyumba vitatu vya tofali za kuchoma, akaweka vitanda, neti, choo cha kukaa, akaandika bango kwa rangi nyekundu: WAGENI KARIBUNI. Mwaka wa kwanza walilala wachache. Mwaka wa pili wachache zaidi. Masika, mvua zimefunga njia, hakuna mtu. Vuli hakuna mtu. Vitanda vinashika unyevu, magodoro yananuka ukungu.

Leo chumba cha kwanza kina mbegu za viazi, zimetandazwa sakafuni zichipue. Cha pili kina mbolea. Cha tatu analala kijana wa kazi. Bango bado lipo.

Kwa hiyo sababu ni msimu. Huwezi kulisha gesti kwa miezi mitatu ya mwaka.

#32 TochiMbovu
Kwa hiyo KiatuKigumu akifika atalala na viazi?

#33 MjukuuWaViazi
Viazi vinalipa kodi ya chumba. Yeye je?

#34 NjiaPanda
Kisa chako kinathibitisha hoja yangu #10. Hakuna mteja.

#35 Mwl_Mstaafu
Kinathibitisha yangu #11. Angeijenga Mambo ingejaa.

#36 MgosiWaSoni
Kinathibitisha kwamba mkipewa kisa chochote mtakivuta kwenu.

#37 MhamajiUlaya
Nipo Uhispania kikazi. Huku kuna ile njia ya mahujaji ya Santiago. Ile ndefu inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa ni karibu kilomita 800, na vijiji vidogo kabisa vina mabweni ya watembeaji. Mtu anabeba kitabu, anagongewa muhuri kila anapolala. Bila kitabu hicho mabweni mengi hawakupokei. Baridi ikiingia mengi yanafungwa, masika yanafunguliwa tena, na yanaishi. Kwa hiyo @MjukuuWaViazi msimu peke yake hauui. Wanatembea watu wengi mno, na wote wanajua mwenzao alilala wapi jana. Mjomba wako alikuwa na kitanda, habari zake hazikumfikia mtu.

#38 HajiMpole
Ndiyo nilichosema #16. Habari zimefichwa.

#39 MwongozajiMilimani
Haji, sina ugomvi na wewe.

#40 KiatuKigumu
Nashukuru wote. Hema je? Tuna mawili.

#41 MwongozajiMilimani
Ndani ya msitu hapana bila kibali cha TFS, na usijaribu. Nje ya msitu ardhi yote ina mwenyewe, hakuna pori la bure kule. Uwanja wa shule ni mzuri ukiomba mwalimu mkuu na mwenyekiti, na ujiandae kutazamwa na watoto mia wakati unapiga mswaki.

#42 BibiKaroti
Na baridi. Mtu wa Dar anasikia Agosti anafikiri kiangazi. Kule juu usiku ni sweta, juu yake koti, juu yake blanketi la mwenye nyumba. Asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya hema. Kama kuna ukuta, laleni ndani ya ukuta.

#43 PopoMchana
Viatu je? Mleta uzi anajiita KiatuKigumu, asije akavaa hicho kigumu.

#44 DadaWaMlalo
Viatu vipya ndiyo malengelenge. Vaa ulivyovizoea, raba yenye meno inatosha kiangazi, masika utahitaji buti. Beba soksi za kubadili mchana. Na msikate tamaa mkipitwa na bibi wa miaka sabini, kandambili miguuni, furushi la kuni kichwani, anapandisha huku anaongea na simu. Mtapitwa. Jambo la kufanya ni kumwamkia shikamoo mapema kabla hajawa mbali.

#45 TochiMbovu
Nilipitwa na bibi huyo Soni. Alinigeukia akaniuliza kama naumwa.

#46 Mwl_Mstaafu
Kama njia ya Mtae inawachosha kupanga, kuna upande mwingine: Soni kwenda Bumbuli, halafu Mazumbai. Ule msitu ni wa Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna nyumba ya wageni ndani, ya zamani, iliyojengwa kwa mtindo wa Uswisi. Unawasiliana nao mapema. Njia ni fupi, msitu ni mzito kuliko Magamba. Genge la kutazama hakuna, hilo nakiri linaharibu nadharia yangu.

#47 MgosiWaSoni
Mwalimu, naweka kumbukumbu ya siku hii.

#48 KiatuKigumu
Haya, nimekusanya, nisahihisheni. Tunafika Lushoto Ijumaa kupitia Mombo, tunalala mjini. Jumamosi asubuhi TFS, tunalipa, tunachukua mtu wa msituni, tunalala Lukozi. Jumapili Lukozi hadi Rangwi, masista tumewapigia simu, wamesema karibuni, wakauliza tunakula nyama au hatuli. Jumatatu Rangwi hadi Mtae, tunapiga picha, tunapanda basi la jioni kurudi.

#49 MgosiWaSoni
Mawili. TFS malizeni Ijumaa, Jumamosi ofisi si ya kutegemea. Na hakuna basi la jioni. Mabasi ya Mtae yanaondoka alfajiri giza bado, kwa sababu yanapeleka watu Lushoto wawahi shughuli zao. Mtalala Mtae au Mambo Jumatatu mkitaka msitake.

#50 DadaWaMlalo
Na Rangwi hadi Mtae ndiyo siku ndefu. Ondokeni saa 12 mara baada ya chai, jua linazama saa 12 na nusu jioni, hamtaki kutafuta Mtae na tochi. Mmoja akichoka, bodaboda zipo kwenye kila njia panda, apande na mabegi yote manne, atangulie. Si aibu.

#51 MtendajiMstaafu
Mkifika Mtae muamke mapema. Kukiwa hakuna ukungu mnaona Mkomazi yote na milima ya Upare, na siku nyingine Kilimanjaro. Saa nne mawingu yameshafunga.

#52 PopoMchana
Mkirudi niletee plamsi za Lushoto.

#53 BibiKaroti
Agosti si msimu wa plamsi, Popo. Ukimtuma mtu, jifunze na msimu.

#54 KiatuKigumu
Popo nitakuletea kabichi. Wakuu nimebadilisha ratiba, tumeongeza usiku Mambo na TFS tunamaliza Ijumaa. @MjukuuWaViazi, tukipita kwa mjomba tunaweza kumlipa chakula cha mchana?

#55 MjukuuWaViazi
Nitampigia. Lakini @MwongozajiMilimani, kuna swali linanisumbua tangu #31. Hao wageni wako, kijijini kwetu wanapita saa ngapi?

#56 MwongozajiMilimani
Kama unatoka Lukozi asubuhi kwenda Rangwi, pale kwenu ni saa tano, saa tano na nusu.

#57 MjukuuWaViazi
Asubuhi?

#58 MwongozajiMilimani
Asubuhi. Wana njaa, wana kiu, wanauliza choo kiko wapi. Hakuna mtu duniani anayelala saa tano asubuhi. Niliona lile bango jekundu nikajua mzee kajenga chumba palipotakiwa jiko.

#59 NjiaPanda
Kwa hiyo mteja hakuwepo!

#60 Mwl_Mstaafu
Mteja alikuwepo, ila alikuwa macho.

#61 MjukuuWaViazi
Nimeongea na mjomba. Anasema supu ya kuku na viazi, watu wanne, sawa. Chumba cha mbolea hakiguswi.